Sabuni ya Bibi Mwamvua

Gari la Imani, mtoto wa kaka yangu, lilikata pumzi mwezi uliopita tukiwa tunapanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na maziko yalipangwa baada ya swala ya adhuhuri. Moshi mweusi ulitoka nyuma, mwendo ukashuka mpaka watembea kwa miguu wakatupita, na kabla Imani hajafungua kinywa nilikuwa nimeshausikia mluzi mwembamba chini ya boneti. "Zima," nikamwambia. "Upepo wa tabo unavuja." Imani ana miaka thelathini na mbili na simu inayosoma magonjwa ya magari, lakini simu ilimwambia mambo matano kwa mpigo na hakujua aanze na lipi. Mwishowe akarudi kwenye nilichomfundisha mwenyewe: akataka sabuni. "Shangazi, si umebeba miche mitatu kwenye mfuko? Nikate kipande kidogo tu, nikoroge, nipake kwenye mipira tuone povu linatokea wapi." Nikaukumbatia mfuko. "Hii hapana," nikasema. "Ina mwenyewe." Akanitazama kwa ule upole unaoudhi ambao vijana wanatuwekea sisi wazee, akateremka kwenda kutafuta kioski chenye sabuni ya unga. Nikabaki ndani ya gari nimeshikilia sabuni yangu, nimekasirika. Vilima vyote vya nchi hii, na siku zote za mwaka, nikwame pale pale na kwa ugonjwa ule ule.

Mwenye sabuni alikuwa Mzee Kibwana, dereva wa malori, aliyefariki alfajiri ya siku ile na wakati ule alikuwa amelazwa nyumbani kwao Kisarawe akisubiri kuoshwa. Kwa nini mwanamke wa Kilutheri apeleke sabuni ya kumwoshea marehemu Mwislamu, tena wakati maduka yamejaa sabuni mpaka za kunukia matunda, ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka 1983. Wazazi wangu na utoto wangu nitawaacha wapumzike, kwa sababu hawana kosa katika habari hii. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi katika karakana ya malori ya ushirika pale Kibaha, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni, sukari, unga, betri za redio, kila kitu kilipatikana kwa kusimama, na mara nyingi ulisimama asubuhi nzima ukafika dirishani ukaambiwa kimekwisha. Ulikuwa pia mwaka wa kusaka wahujumu uchumi, yaani wenye kuficha au kulangua bidhaa. Watu walitupa mali porini kwa hofu ya kupekuliwa, majirani wakatazamana kwa pembeni, na neno "mhujumu" likaingia hata kwenye michezo ya watoto. Nilipanga chumba Maili Moja, kwa Mzee Kibwana na mkewe Mama Zai. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu mbele tu, upande wa kuonekana barabarani. Vyumba havikuwa na dari. Kuta ziliishia urefu wa mtu na nusu, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza alipewa pole chumba cha tatu. Nilikula kwao. Jioni Mama Zai alitandika mkeka uani, akaweka sinia la ugali wa unga wa njano, ule wa msaada ulionuka gunia hata ukiupika vipi, na bakuli la kisamvu cha nazi. Siku ikipatikana samaki, Mzee Kibwana alichambua mnofu akausogeza upande wangu. "Kula, fundi," alisema kila siku, kwa sauti ile ile. Na kila siku alinitania kwamba nati zikimwona mwanamke na spana zinajilegeza zenyewe kwa haya.

Lori la ushirika alilokuwa akiendesha Mzee Kibwana lilikuwa jipya kuliko yote, la msaada, na ndilo pekee lililokuwa na tabo. Wenzangu waliiita konokono kwa umbo lake. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, feni hiyo inazungusha mwenzake, na huyo wa pili anasukuma hewa kwa nguvu kupitia bomba nene la mpira hadi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua yote na gari linapanda kilima bila kulalamika. Hewa ikivujia njiani, dizeli inaungua nusu, nusu inatoka moshi mweusi, nguvu zinapotea na tangi linakauka. Leo nayasema haya kwa urahisi. Mwaka ule kitabu cha lile gari kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, nasi tulitazama picha tukakisia.

Mwezi wa saba tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam. Kila mtu wa karakana alijua maana yake: rangi. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukapaka rangi mapipa, tukapaka rangi nyeusi hata matairi. Nilipokuwa nafuta injini ya lile lori, nikaona bomba la mpira la tabo limelowa oili na limeanza kupasuka upande wa chini. Nikamwendea msimamizi wetu, Bwana Mponda, mtu nadhifu aliyevaa kaunda suti siku zote na kupenda kusema kwenye mikutano kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Stoo haikuwa na bomba, na barua ya kuomba ilishaandikwa mara tatu. "Mgeni atafungua boneti?" akaniuliza. "Na akifungua ataona nini? Funga tyubu, paka rangi." Kufunga tyubu ndiyo ilikuwa dini yetu mwaka ule. Ukichukua tyubu kuukuu ya tairi, ukaikata utepe mrefu, ukauvuta na kuuzungusha, ulifunga chochote: bomba la maji, mpini wa jembe, mguu wa kitanda. Nikazungusha tabaka tatu, nikakaza na waya, nikapaka rangi nyeusi mpaka pakang'aa. Mzee Kibwana alikuwa ameketi juu ya pipa na kikombe cha uji, akinitania kwamba nalipamba lori kama bibi harusi. Kila fundi anajua kuwa mpira wa tyubu na oili havipatani, na mimi nilijua. Nilijiambia ni kwa siku mbili, mgeni akiondoka nitafungua. Mgeni akaja, akanishika mkono, akasema taifa linahitaji akina mama kama mimi, nikapigwa picha mbele ya lori lile na picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kila asubuhi nilipita mbele ya ule ubao kwa mwendo wa taratibu. Bomba sikulifungua.

Ukaja msimu wa korosho. Lori likawa linapeleka unga Kisarawe na kurudi na magunia ya korosho kwenye ghala la Kibaha. Mwezi wa kumi na moja tangi likaanza kukauka kabla ya safari kwisha. Mzee Kibwana alikwama Pugu mara mbili, mara ya pili akalala huko huko na mzigo. Dizeli ilitoka kwa kibali, kwa kipimo, na dereva aliyekaukiwa njiani alikuwa na la kueleza. Kamati ya karakana ikamwita. Yeye akasema gari linakula mafuta. Wao wakasema mwezi wa sita halikuwa likila, kwa hiyo anayekula ni yeye. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu inayofuata watu wa wilaya waje, na kama hana maelezo waondoke naye. Mpaka siku hiyo, mgambo mmoja aitwaye Athumani akae naye ndani ya lori kila safari. Sote tulijua waliochukuliwa mwaka ule walikuwa wapi. Bwana Mponda akaniita ofisini. "Lipime lile gari, fundi. Likiwa zima, basi mgonjwa ni dereva."

Nililipima Alhamisi, uwanjani, watu wamezunguka. Nikaliwasha, nikaliacha lingurume taratibu, nikapitisha kiganja kwenye mabomba yote nikitafuta upepo. Bomba nililolifunga mwenyewe nililigusa pia. Lilikuwa kavu, rangi inang'aa, hakuna mluzi wala moshi. Nilihisi nafuu kubwa, na nafuu ile ndiyo iliyonifanya nisiendelee kutafuta. Nikaandika kwenye karatasi kwamba gari ni zima, nikatia saini, nikamkabidhi Bwana Mponda. Aliikunja vizuri akaitia mfuko wa kifuani.

Jioni ile kwenye mkeka hakukuwa na utani. Mama Zai aliweka sinia, akaketi, akanitazama. "Umeandika nini, mwanangu?"

"Nimeandika nilichokiona, mama."

"Na umeona nini?"

"Gari ni zima."

Mkono wa Mzee Kibwana ulisimama juu ya sinia, kisha ukaendelea kumega tonge. Alichambua dagaa, akawasogeza upande wangu. "Kula, fundi," akasema. Nilimega tonge nikalishika mpaka likapoa mkononi. Mpaka leo ugali wa unga wa njano siuli, na si kwa sababu ya unga.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya wao kuswali alfajiri, nilikuwa bado kitandani mwanga unaingia kwenye matundu ya makuti. Mama Zai alikuwa akisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba ile haikuwa na sauti ya chini. "Niambie mimi, Baba Zai. Sitasema kwa mtu. Ulimuuzia nani?"

"Hata wewe?" akasema Mzee Kibwana.

"Fundi anakula hapa, ni mtoto wetu. Angeandika uongo?"

"Hakuandika uongo. Amelipima gari likiwa limelala. Lile gari likifika kilima cha Pugu na mzigo mgongoni linapiga mluzi, fiii, kama birika, halafu linakata pumzi. Niliwaambia kamati kuhusu mluzi wakacheka."

"Basi mwambie yeye."

"Nimwambie vipi? Ameshatia saini. Nikimwambia leo itakuwa namdai kwa sababu ya ugali wangu."

Nilikaa kitandani nimeshika shuka. Nilielewa palepale nilichokosea. Lori likisimama bila mzigo na kunguruma taratibu, tabo haipulizi kitu. Ni sawa na kumpima mtu pumu akiwa usingizini. Nilielewa na jambo la pili, kwamba mluzi ule unaweza kuwa unatoka chini ya rangi yangu nyeusi, na hilo nililisukuma mbali. Nilimwomba Mungu iwe kiungo kingine, ufa kwenye chuma, chochote ambacho mkono wangu haukukigusa. Nikaenda kwa Bwana Mponda kumwomba ruhusa ya kusafiri na lori siku inayofuata. "Umeshatia saini," akasema. "Unataka kujipinga mwenyewe?" Nikamwambia nataka kulisikia likiwa na mzigo. Akatabasamu. "Nenda. Lakini ukirudi na hadithi, Jumatatu mtaitwa wawili."

Jumamosi tuliondoka mapema na shehena ya unga, mimi katikati, Mzee Kibwana kwenye usukani, Athumani dirishani na rungu lake katikati ya magoti. Tulipita Dar es Salaam, tukashika barabara ya Pugu. Kilima kilipoanza Mzee Kibwana alishuka gia, akashuka tena, akakanyaga mpaka chini. Ndipo ukaja, mwembamba, ukipanda na injini. Moshi ukajaa kwenye kioo cha pembeni, na lori likawa linajikokota.

"Umeusikia?" akaniuliza bila kunitazama.

"Nimeusikia."

"Mimi siku zote nilidhani ni ndege," akasema Athumani.

Lakini mluzi si ushahidi. Huwezi kuubeba ukauweka mezani Jumatatu. Tuliteremsha unga Kisarawe, na wakati wapakiaji wanasubiri korosho Mzee Kibwana alitupeleka nyumbani kwa shangazi yake, Bibi Mwamvua, nyuma ya soko. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, amekauka, macho makali. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipima toka kichwani. "Huyu ndiye aliyeandika?" akamuuliza Mzee Kibwana. "Ndiye, shangazi." Nilisubiri anifukuze. Akanisogezea kigoda na sahani ya mihogo ya kuchemsha, na chai ya mchaichai isiyo na sukari. "Kula kwanza," akasema. Katika ukoo ule sijui kama kuna mtu aliyejifunza kumnyima mwenzake chakula.

Niliwaeleza nilichokusudia. Seremala wa pale sokoni alitukatia kizibo cha mbao cha kutosha mdomo wa tabo, pale inapovutia hewa. Nikatoboa katikati, nikapachika valvu niliyoikata kwenye tyubu mbovu, nikakichomeka mdomoni na kukikaza. Kisha tukaunganisha pampu ya mguu ya kujazia matairi. Maana yake ilikuwa kuujaza mfumo wa hewa wa gari zima kama tairi, lori likiwa limesimama na limezimwa, halafu kupaka povu kila kiungo na kuangalia upepo unatorokea wapi. Athumani alivua shati akaanza kukanyaga pampu, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana kufurahi. Kilichokosekana ni sabuni. Tulizunguka maduka yote ya Kisarawe, na kote wakatucheka; sabuni ilikuwa haijaonekana kwa wiki tatu. Tulijaribu majani ya mpapai, yale watu waliyofulia mwaka ule. Yalitoa povu jepesi lililokufa kabla sijaweka burashi. Jua lilishavuka utosini, korosho zilishafika, na safari ya kurudi lori halikuruhusiwa kuichelewesha. Mzee Kibwana alianza kukusanya vyombo. "Basi, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."

Bibi Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaingia ndani, tukasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na furushi la kanga kuukuu. Akalifungua juu ya kigoda. Ndani kulikuwa na sanda yake, nyeupe, imekunjwa vizuri, karafuu maiti kwenye karatasi, na nusu mche wa sabuni. Wazee wengi wa kule walijiwekea vitu vyao vya siku ile, ili wasije kuwa mzigo kwa watu. Nilishaziona sanda. Sabuni, mwaka ule, sikuwahi kuiona.

"Shangazi, hiyo hapana," akasema Mzee Kibwana.

"Ni yangu, si yako."

"Ni ya siku yako."

"Siku yangu siijui," akasema Bibi Mwamvua. "Jumatatu naijua." Akaniwekea sabuni mkononi. "Kata, mwanangu. Usikate kwa woga. Mimi nitaoshwa hata kwa maji matupu, lakini huyu asiende kufungwa kwa kitu hakukifanya."

Niliikata, nikaikoroga kwenye kopo mpaka povu likasimama. Athumani akakanyaga pampu. Nikapaka kiungo cha kwanza, cha chuma: kimya. Nikapaka cha pili, chenye mkanda wa kukazia: kimya. Nikapaka kila mahali panapoweza kupakwa, na bomba langu nikaliacha la mwisho, na Mzee Kibwana aliyekuwa ameshika kopo aliona ninavyoliacha. Nikapaka. Kwa kitambo povu lilitulia pale juu ya rangi nikashukuru. Halafu upande wa chini likaanza kuvimba. Puto likakua kama limau, likapasuka, likafuata jingine, na jingine, na tukasikia upepo ukilia. Nikachukua kisu nikachana tyubu. Oili ilikuwa imeigeuza kuwa ulimbo, na chini yake ufa mrefu kuliko kidole changu.

"Nani alifunga hivi?" Athumani akauliza.

Mzee Kibwana akajibu upesi. "Magari ya ushirika yanapita mikono mingi." Na mimi nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Watu wakinisifu leo kwa ujasiri wa Jumatatu ile huwa nawakumbusha Jumamosi yake. Tulifunga ufa kwa kitambaa cha turubai na waya, tukapakia korosho, na lori lilirudi Kibaha na mafuta yamebaki kwenye tangi. Athumani alichovya kijiti mwenyewe akapima. Njiani alipokuwa amesinzia, Mzee Kibwana aliniambia, macho yakiwa barabarani, "Jumatatu sema bomba limepasuka, basi. Inatosha kunitoa."

"Na wakiuliza nani alilifunga?"

"Hawatauliza. Mwanangu, mwaka huu mtu hasemi 'ni mimi'. Mwaka huu neno hilo lina gereza."

Waliuliza. Jumatatu, mezani penye kitambaa cha kijani, walikaa watu wawili wa wilaya, kamati, na Bwana Mponda na karatasi yangu mbele yake. Nje nilimwona Mama Zai amesimama kando ya ukuta, kifurushi cha nguo za mumewe kwapani; alikuja tayari kwa mume kuchukuliwa. Niliweka bomba mezani, nikaeleza, na Athumani akasimulia habari ya povu kwa ufasaha ambao sikuutarajia. Yule mkubwa wa wilaya, mtu mwembamba mwenye miwani, aliligeuza bomba mkononi. "Hili lilifungwa likafichwa kwa rangi," akasema. "Nani alilifunga?" Bwana Mponda alitazama dirishani. Nilishika ncha ya kile kitambaa cha kijani nikawa naikunja.

"Mimi," akasema Mzee Kibwana. "Nilikwama njiani nikalifunga mwenyewe."

Ungekuwa mwisho wake. Dereva aliyegusa injini bila fundi, akaficha, akapoteza dizeli ya watu. Wangemchukua kwa furaha. Nakumbuka nilichokiona wakati ule: mkono wake juu ya goti, ule ule wa kunisogezea dagaa. Nikasimama. "Anasema uongo," nikasema. "Nilifunga mimi, mwezi wa saba, kwa ajili ya mgeni. Alhamisi nikaligusa nikaandika gari zima."

"Mimi sikumwagiza mtu," akasema Bwana Mponda kabla hajaulizwa.

Mwenye miwani akaniangalia. "Binti, unajua jambo hilo mwaka huu linaitwaje?"

"Najua."

"Mheshimiwa," akasema Mzee Kibwana taratibu, "kama kufunga tyubu ni hujuma, basi anza na hicho kiti ulichokalia."

Yule bwana akainama. Mguu wa kiti chake ulikuwa umefungwa tyubu, tabaka tatu, kazi safi. Mtu mmoja wa kamati alikohoa, mwingine akashindwa kujizuia, na yeye mwenyewe akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kicheko kile ndicho kilichoniokoa. Nisingekipata kama asingekuwepo mtu wa kukitafuta.

Mzee Kibwana alirudishiwa lori lake siku hiyo hiyo. Mimi nilivuliwa ufundi, nikapelekwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na picha yangu ikabanduliwa. Jioni Mama Zai alikilaza kile kifurushi cha nguo juu ya mkeka kando yake, hakukifungua mpaka tulipomaliza kula. Alimwomba radhi mumewe badala yangu, kisha akaniomba radhi mimi badala ya mumewe, akachanganyikiwa akalia. Nililia nami. "Kuleni," akasema Mzee Kibwana, "chakula kinapoa."

Bibi Mwamvua alifariki miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimeshahama, lakini nilipanga foleni siku mbili, nikapata mche mzima, nikaenda nao Kisarawe, na kwa huo alioshwa. Tangu hapo, kila anapofariki mtu wa nyumba ile, sabuni naleta mimi. Hakuna aliyenipangia na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Imani alirudi na sabuni ya unga, akakoroga kwenye chupa ya maji, akapaka, na povu likavimba kwenye mpira uliolegea chini ya tabo. Akaukaza, akajisifu, nikamwacha ajisifu. Tulifika saa tano na nusu. Njia nzima nilikuwa nikijiambia wameshamwosha, na wana haki. Sabuni siku hizi ipo kila duka, na Waislamu hawamcheleweshi maiti, nani atamsubiri mwanamke mzee aliyekwama kilimani? Wanaume walikuwa kwenye mabenchi. Nikapitishwa mpaka ndani alipokuwa ameketi Mama Zai, amepungua, kanga nyeupe imemfunika mpaka usoni. Nikampa mfuko. Akautia mkono, akahesabu miche kwa vidole.

"Umechelewa, fundi."

"Gari lilikuwa linavuja, mama."

"Waoshaji wamekaa tangu saa mbili. Shehe ameuliza mara mbili tunangoja nini. Nikamwambia mzee haoshwi mpaka sabuni yake ifike." Akampa mfuko mjukuu wake aupeleke upande wa pili, na baada ya muda tukasikia maji yakimiminwa. Alinishika mkono akasikiliza mpaka yalipotulia. Kisha akaniuliza kama nimekula.